Mikunjo ya eliptiki kwa mkono: kutoka pembetatu yenye eneo 5 hadi nukta ya upeoni

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili wa shahada ya hisabati. Juzi alikuja nyumbani na daftari la jiometri ya aljebra, kurasa kumi na moja, na katika kurasa zote hizo hapakuwa na namba hata moja. Herufi tupu. "Mjomba," akaniambia, "fasili ya mkunjo wa eliptiki naijua kwa moyo, ila mkunjo wenyewe sijawahi kuuona." Tulikaa mezani tangu baada ya chai ya asubuhi hadi adhana ya alasiri. Naandika hapa tuliyoyafanya, kwa mpangilio ule ule, kwa ajili ya yeyote aliye mahali alipokuwa yeye.

Andaa penseli, karatasi ya miraba, na baadaye PARI/GP, programu ya kompyuta ya kufanyia hesabu. Kikokotoo kiweke kando kabisa. Somo hili linaishi ndani ya sehemu: kiasi juu, asili chini. Ukishageuza 41/12 kuwa 3.4167 umetupa kile ulichokuja kukitafuta.

Hatua ya 1: Anza na swali la pembetatu

Tafuta pembetatu mraba ambayo pande zake zote tatu ni namba nzima au sehemu, na eneo lake ni 5 kamili.

Eneo 6 ni rahisi: 3, 4, 5. Eneo 5 si rahisi. Mwaka 1225 Fibonacci alijibu swali lililo ndugu ya hili, aliloulizwa na Johannes wa Palermo: ipi namba ya mraba ambayo ukiijumlisha 5 unapata mraba, na ukiitoa 5 bado unapata mraba? Jawabu lake ni (41/12)². Jaribu: 1681/144 ukijumlisha 720/144 unapata 2401/144, yaani (49/12)². Ukitoa, unapata 961/144, yaani (31/12)². Pembetatu inayotokana nayo ina pande 3/2, 20/3 na 41/6.

Sasa uliza: je, zipo nyingine? Swali hilo ndilo litakalotubeba hadi mwisho. Kama x − 5, x na x + 5 zote ni miraba, ukizizidisha pamoja unapata x³ − 25x, nayo ni mraba. Kwa hiyo jibu limo ndani ya mkunjo huu mmoja, ambao ndio mkunjo wetu wa eliptiki:

y² = x³ − 25x

Hatua ya 2: Chora

Chora. Utapata yai kati ya x = −5 na x = 0, na tawi lililofunguka kuanzia x = 5 kwenda kulia.

Jambo moja tu la kuhakiki: pasiwe na nukta yenye ncha au mahali mkunjo unapojikata wenyewe. Kwa umbo y² = x³ + ax + b, hesabu 4a³ + 27b². Jibu likiwa si sifuri, mkunjo ni laini. Kwetu ni 4 × (−25)³ = −62500, tuko salama. Mfano wa ulioharibika ni y² = x³, wenye ncha pale (0, 0), na huo si wa eliptiki hata kidogo.

Na jina lisikuchanganye. Duaradufu ni kitu kingine. Jina lilikuja kwa sababu wanahisabati waliotaka kupima urefu wa tao la duaradufu walikutana na intigro ambazo baadaye zikaonekana kuwa za mikunjo hii. Ukiruhusu namba changamano, mkunjo wetu pamoja na nukta ya upeoni (tutaifikia Hatua ya 4) una umbo la ngata, ile ya kitambaa wanayoweka kichwani wanaobeba ndoo za maji: uso mmoja, tundu moja katikati. Duaradufu ina umbo la mpira, halina tundu. Wanapoandika kwamba jenasi ni 1, wanahesabu tundu hilo.

Hatua ya 3: Kamata nukta moja, kisha jumlisha

Tafuta nukta yenye majira ya namba nzima. Nne rahisi: x = −4 inatoa −64 + 100 = 36, kwa hiyo P = (−4, 6) imo. Zimo pia (0, 0), (5, 0) na (−5, 0).

Kanuni ya kujumlisha: pitisha mstari mnyoofu kwenye nukta mbili, tafuta mahali unapokata mkunjo mara ya tatu, kisha geuza alama ya y. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa makusudi. Mpwa wangu aliisahau mara mbili ndani ya nusu saa. Ile nukta ya tatu si jumla. Nukta tatu zilizo kwenye mstari mmoja hujumlishwa kupata sifuri (ambayo ni nukta O ya Hatua ya 4), kwa hiyo jumla ya mbili za kwanza ni kinyume cha ya tatu.

Kupata x ya tatu usihangaike na mlinganyo wa kipeo cha tatu. Weka mstari y = λx + c (λ ni mteremko wake) ndani ya mlinganyo, utapata x³ − λ²x² + ... = 0. Jumla ya majawabu matatu ni λ². Mawili unayo. Basi:

x₃ = λ² − x₁ − x₂
y₃ = λ(x₁ − x₃) − y₁ (alama ya y imeshageuzwa humu)

Jumlisha P na (0, 0). Mteremko ni 6 ÷ (−4) = −3/2. x₃ = 9/4 + 4 − 0 = 25/4, na y₃ = 75/8. Hakiki: (75/8)² = 5625/64, na (25/4)³ − 25 × 25/4 = 15625/64 − 10000/64 = 5625/64. Imekubali.

Kujumlisha P na P yenyewe, mstari unakuwa tanjenti, na mteremko wake ni (3x² − 25) ÷ 2y = 23/12. Basi x₃ = 529/144 + 8 = 1681/144.

Simama hapo uitazame. Ni ile (41/12)² ya Fibonacci. Mpwa wangu aliweka penseli chini na kuirudia hesabu tangu mwanzo, maana alidhani nimempangia namba. Sikumpangia. y₃ inatoka −62279/1728.

Hatua ya 4: Nukta ya upeoni (hapa usiharakishe)

Jumlisha P = (−4, 6) na (−4, −6). Mstari ni wima. Unakata mkunjo mara mbili tu, basi. Ya tatu iko wapi?

Vitabu vingi husema "tunaongeza nukta moja, tunaiita O", halafu vinaendelea na safari. Nilipokuwa chuoni sentensi hiyo ilinigharimu siku tatu nzima. Nilikuwa na zoezi la kuonyesha kwamba mkunjo ni laini hata pale O, nami sikujua O iko wapi, nitahakikije ulaini wake? Kila nilipoandika nilikuta hewa. Kwa hiyo hatua hii nitaiandika kwa urefu, na naomba usiiruke hata kama una haraka ya kufika kwenye namba tasa.

Wazo lenyewe kila mmoja ameliona. Simama kwenye reli iliyonyooka uangalie mbali: vyuma viwili sambamba vinaonekana kukutana kwenye upeo wa macho. Jiometri ya projektivu inachukulia jambo hilo kwa uzito. Inaongeza upeo kwenye bapa, na kila kundi la mistari sambamba linapewa nukta moja ya kukutania huko.

Kuandika hilo kwa hesabu tunatumia namba tatu badala ya mbili: [X : Y : Z]. Kilicho muhimu ni uwiano tu, kwa hiyo [2 : 4 : 6] na [1 : 2 : 3] ni nukta moja. Zote tatu haziruhusiwi kuwa sifuri kwa pamoja. Nukta zetu za kawaida (x, y) ni [x : y : 1]. Upeo ni mahali ambapo Z = 0.

Weka x = X/Z na y = Y/Z kwenye mkunjo, zidisha kwa Z³:

Y²Z = X³ − 25XZ²

Kila kipande kina jumla ya vipeo 3. Kama kimoja hakina, umekosea kuzidisha. Rudi nyuma sasa hivi.

Mkunjo unafika wapi upeoni? Weka Z = 0. Kinachobaki ni X³ = 0, kwa hiyo X = 0, na Y ni chochote kisicho sifuri. Nukta ni [0 : 1 : 0]. Ndiyo O. Nukta halisi yenye majira yake, wala si alama iliyobuniwa kuziba pengo.

Sasa makosa mawili niliyoyafanya mimi, na ambayo nimeyaona kwa karibu kila niliyemsaidia.

La kwanza ni kuhesabu mbili. Jicho linaona tawi la juu likipanda na tawi la chini likishuka, moyo unasema kuna nukta moja juu na nyingine chini. Lakini [0 : 1 : 0] na [0 : −1 : 0] ni nukta ile ile, kwani uwiano haubadiliki ukizidisha zote kwa −1. Mstari wima unaopanda na unaoshuka unafika mahali pamoja.

La pili ndilo lililonila siku tatu: kutazama kupitia dirisha lisilofaa. Bapa la projektivu lina madirisha matatu. Dirisha la Z = 1 ndilo karatasi yetu ya kawaida, na O haionekani humo kwa sababu Z yake ni 0. Mimi nikaenda dirisha la X = 1. Mlinganyo ukawa Y²Z = 1 − 25Z², nikaitafuta O huko usiku kucha. Bure, maana X ya O nayo ni 0! Dirisha pekee linaloonyesha O ni la Y = 1. Kabla hujaandika chochote, tazama nukta yako, ona ni herufi ipi isiyo sifuri, na hiyo ndiyo uifanye 1.

Katika dirisha la Y = 1, nikiandika kwa herufi ndogo, mkunjo ni:

z = x³ − 25xz²

na O ni (0, 0), katikati kabisa ya karatasi. Chukua karatasi mpya ya miraba uchore. Karibu na (0, 0), kipande 25xz² ni kidogo mno, kwa hiyo mkunjo unafanana na z = x³, grafu uliyoichora sekondari. Hakuna ncha, hakuna makutano. Kwa kanuni: kipande cha kipeo cha kwanza ni z peke yake, na kipo, kwa hiyo mkunjo ni laini pale, na tanjenti yake ni z = 0, yaani upeo wenyewe.

Kama bado huamini kwamba juu na chini ni pamoja, fuata nukta kwa mguu. Chukua x = 100 kwenye mkunjo wa kawaida: y² = 997500, y ni karibu 998.75. (Desimali naziruhusu hapa tu, kwa kuwa tunatazama picha.) Ukiihamishia dirisha jipya inakuwa (x/y, 1/y), takriban (0.1001, 0.0010). Ya chini, yenye y = −998.75, inakuwa (−0.1001, −0.0010). Moja inaingia kwenye (0, 0) kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, na katikati yao ni O. Matawi mawili yaliyokimbiana kwenye karatasi ya kwanza yameungana kwenye ya pili. Mpwa wangu alichora hii mara tatu kwa rangi tofauti, nami nilimwacha achore.

Jambo la mwisho hapa, nalo ndilo linaloshikilia jengo zima. Tulipoweka Z = 0 tulipata X³ = 0, si X = 0. Upeo unagusa mkunjo pale O mara tatu mahali pamoja. Ndiyo sababu kinyume cha (x, y) ni (x, −y) bila masharti zaidi: unavuta mstari kutoka nukta yako hadi O, mstari huo ni wima, na unakata upande wa pili. Nukta zote pamoja na kanuni hii ya kujumlisha, yenye sifuri na vinyume, huitwa kundi. Ukichagua sifuri ya kundi kuwa nukta nyingine ambayo tanjenti yake haigusi mara tatu, kundi bado lipo, ila kanuni ya kugeuza alama ya y inavunjika. Nimekuta watu wakitumia kanuni za Hatua ya 3 kwenye mlinganyo wa umbo lingine, majibu yanatoka nje ya mkunjo, nao wanalaumu hesabu zao za sehemu. Kwanza badilisha mlinganyo uwe wa umbo y² = x³ + ax + b, ndipo uzitumie.

Na mkunjo lazima uwe na angalau nukta moja ya sehemu ili uitwe wa eliptiki juu ya namba hizo. Mwaka 1951 Selmer alionyesha kwamba 3X³ + 4Y³ + 5Z³ = 0 hauna hata moja, ingawa ni laini na una jenasi 1. Huo hauna sifuri ya kuanzia, kwa hiyo hakuna kundi.

Hatua ya 5: Rudi kwenye pembetatu

Kila nukta (x, y) yenye y isiyo sifuri inatoa pembetatu:

a = (x² − 25)/y, b = 10x/y, c = (x² + 25)/y

Alama ya kutoa ikitokea, iache kando, chukua ukubwa tu. Eneo ni ab/2 = 5x(x² − 25)/y², na kwa kuwa y² ni x³ − 25x, sehemu yote inafutika inabaki 5. Fanya mwenyewe hesabu ya a² + b² = c².

P inatoa 3/2, 20/3, 41/6. Nukta 2P inatoa 1519/492, 4920/1519 na 3344161/747348. Eneo lake nalo ni 5 kamili! Hakuna awezaye kuiotea hiyo kwa kubahatisha, nasi tumeifikia kwa tanjenti moja.

Hatua ya 6: Iachie mashine

Baada ya 2P penseli inachosha, na hapo ndipo programu inapostahili kuingia, si kabla. Napendelea PARI/GP kuliko SageMath, programu nyingine ya hesabu, kwa anayeanza. SageMath ina mengi mazuri lakini ni mzigo mkubwa kwa laptop ya zamani na bando dogo. PARI/GP ni nyepesi, na kuna toleo la simu za Android, PariDroid.

E = ellinit([-25,0]);
P = [-4,6];
ellisoncurve(E,P)
elladd(E,P,[0,0])
ellmul(E,P,2)
ellmul(E,P,4)

Ya tatu ijibu 1. Nukta O huandikwa [0] kwenye programu hii, usishtuke. Tazama pia x ya 4P: ni 11183412793921/2234116132416. Kila unapoongeza maradufu, idadi ya tarakimu inakaribia kuwa mara nne.

Sifa ya kundi inayobaki, kwamba (P + Q) + R = P + (Q + R), jaribu kwa namba tano au sita kwenye mashine. Kuithibitisha kwa kupanua sehemu kwa mkono sikushauri kabisa. Subiri ufike nadharia ya Riemann–Roch katika masomo ya mbele, hapo inatoka kwa mistari michache na utaelewa kwa nini ni kweli.

Hatua ya 7: Je, nukta za P zitaisha?

Namba zinakua, lakini kukua si uthibitisho. Huenda baada ya mizunguko mingi tukarudi O. Njia safi ni kuutazama mkunjo kwa mabaki: chagua namba tasa, na badala ya kila namba weka baki lake tu unapoigawanya kwa namba hiyo.

Gawanya kwa 3. −25 inaacha baki 2, mkunjo ni y² = x³ + 2x. Kwa x = 0, 1 na 2, upande wa kulia ni 0 kila mara. Nukta tatu pamoja na O: jumla 4.

Gawanya kwa 7. Mkunjo ni y² = x³ + 3x, na miraba inayowezekana ni 0, 1, 2, 4. Hesabu x kuanzia 0 hadi 6, utapata nukta saba, na O ya nane. Kugawanya huku kunafanyika kwa kuzidisha: badala ya kugawa kwa 5 unazidisha kwa 3, kwa kuwa 5 × 3 = 15, baki 1. P inakuwa (3, 6), mteremko wa tanjenti ni 6, na 2P ni (2, 0). Linganisha na 1681/144 ya awali: 1681 baki 1, 144 baki 4, na 1 ÷ 4 ni 2. Zinakubaliana.

Sasa kanuni: kwa namba tasa isiyo 2 na isiyoharibu mkunjo (kwetu 5 inaharibu), nukta zenye mzunguko (ukizijumlisha zenyewe mara kadhaa zinarudi O) zinapita kwenye mabaki bila mbili kugongana. Kwa 3 kuna nafasi 4 tu, na tayari tunazo nne: O, (0, 0), (5, 0), (−5, 0). Zimejaa. P haimo, kwa hiyo P haina mzunguko. Amri elltors(E) itakuonyesha 4 ile ile.

Basi P, 2P, 3P, 4P zinaendelea bila kurudi, na pembetatu za eneo 5 hazina mwisho. Mordell alithibitisha mwaka 1922 kwamba kwenye mkunjo wowote wa namna hii nukta zote za sehemu hujengwa kutokana na chache za kuanzia. Kwetu inatosha moja isiyo na mzunguko, pamoja na zile nne. Kwa eneo 1 hali ni tofauti: Fermat alionyesha kwamba pembetatu hiyo haipo, na y² = x³ − x una zile nne tu, basi.

Zoezi nililompa mpwa wangu aondoke nalo: eneo 7. Mkunjo ni y² = x³ − 49x, anza na (25, 120), na katika kanuni za Hatua ya 5 weka 49 badala ya 25 na 14x badala ya 10x. Upande mrefu ukitoka 337/60, endelea na 2P.